Fuata Mpira wa Pili

Mashine ilikaa juu ya kaunta ya jikoni kwa shangazi yangu, Dar es Salaam. Ilikuwa nyeupe, ukubwa wa boksi la viatu, na kioo chake kidogo kilikuwa kinawaka buluu. Juu yake ulitokea mpira wa chuma unaojipinda, wa kukingia glasi. Chini ulitokea mpira mwingine, mwembamba, wa plastiki ya kijivu, ulioishia kwenye sinki. Muuzaji alikinga glasi kwa mpira wa juu, akadondosha matone matatu ya dawa ya kupimia, maji yakageuka zambarau, na mashoga wa shangazi wakapiga makofi. Mimi nilikuwa nimesimama kando ya sinki. Nilikuwa natazama ule mpira wa pili, uliokuwa ukimwaga maji muda wote bila mtu yeyote kuuliza yanatoka wapi na yanakwenda wapi.

Nikauliza mimi. "Hayo ni uchafu, kaka," akajibu. "Ni asidi yote iliyokuwa ndani ya maji yenu. Mashine imeichuja."

Jibu tamu, na ndilo linalouza mashine. Lakini asidi ile haikuwamo kwenye maji ya bomba. Ilitengenezwa palepale, sekunde moja kabla ya kumwagwa, pamoja na pacha wake aliyeingia kwenye glasi. Nilimwambia shangazi kwamba siku akitaka kuielewa mashine yake aache kutazama glasi, afuate mpira wa pili.

Tuifungue basi. Baada ya kichujio cha mkaa, ambacho kazi yake ni ya kawaida (kuondoa harufu ya klorini na takataka ndogondogo), maji yanaingia kwenye kasha lenye bamba kadhaa za chuma zilizosimama sambamba kama sahani kwenye kichanja, nafasi kati yake ikiwa ndogo sana. Bamba moja limeungwa upande hasi wa umeme wa moja kwa moja, linalofuata upande chanya, na hivyo hivyo hadi mwisho. Katikati ya kila bamba na jirani yake umewambwa utando mwembamba. Utando huu ndio roho ya mashine. Unaruhusu ioni zipenye, lakini unazuia maji ya chumba kimoja yasichanganyike ovyo na ya chumba cha pili.

Kwenye bamba hasi, yaani kathodi, elektroni zinasukumwa ziingie majini. Molekuli za maji zinazipokea na kuvunjika: zinatoa gesi ya hidrojeni na kuacha ioni za haidroksidi. Haidroksidi ndiyo ualkali wenyewe. Kwenye bamba chanya, anodi, mambo yanakwenda kinyume. Molekuli za maji zinanyang'anywa elektroni, zinatoa gesi ya oksijeni na kuacha ioni za hidrojeni, ambazo ndizo asidi. Elektroni zinazoingia upande mmoja ni sawasawa na zinazotoka upande wa pili. Kwa hiyo kila haidroksidi inayozaliwa chumba hiki ina ioni ya hidrojeni iliyozaliwa chumba kile. Hakuna namna ya kutengeneza glasi ya alkali bila kutengeneza asidi ya kiasi kilekile mahali fulani. Mahali penyewe ni sinki.

Sasa kuna swali ambalo wauzaji hawalifikii. Kwa nini hizo mbili zisikimbiliane zikarudi kuwa maji? Haidroksidi ina chaji hasi, inavutwa na bamba chanya. Ioni ya hidrojeni ina chaji chanya, inavutwa na bamba hasi. Zote mbili zinatamani kupita kwenye utando na kukutana. Kwenye maji safi kabisa ndivyo inavyokuwa: zinakutana, zinarudi kuwa maji, na unachobaki nacho ni gesi mbili tu. Kinachookoa biashara ni chumvichumvi zilizomo kwenye maji ya bomba. Sodiamu, kalsiamu na magnesiamu, zenye chaji chanya, zinavuka utando kwenda upande wa kathodi na kukaa na haidroksidi. Kloridi, salfeti na bikaboneti zinahamia upande wa anodi na kukaa na ioni za hidrojeni. Ukitaka picha, ni harusi mbili ambapo kila bi harusi amepata mume mwingine kabla yule wa zamani hajafika.

Jambo hili lina umri mkubwa kuliko mashine yenyewe. Mwaka 1800, muda mfupi baada ya habari za betri ya Volta kufika London, William Nicholson na Anthony Carlisle waliingiza nyaya mbili kwenye maji na kuona mapovu yakitoka. Mwaka huohuo William Cruickshank, aliyekuwa Woolwich, aliona kwamba maji yenye rangi za mimea yanabadilika karibu na nyaya: huku dalili ya alkali, huku dalili ya asidi. Wakazuka watu waliodai kwamba umeme unaumba alkali kutoka kwenye maji matupu. Humphry Davy hakuridhika. Katika mhadhara wake wa mwaka 1806 mbele ya Royal Society alieleza alivyokuwa akibadilisha vyombo, akatoka kwenye glasi hadi jiwe la akiki hadi dhahabu, akichenjua maji kwa uangalifu mkubwa. Kila alipopunguza uchafu, asidi na alkali vilipungua navyo. Sodiamu ilikuwa inatoka hata kwenye glasi yenyewe. Hitimisho lake ni kwamba maji safi hutoa hidrojeni na oksijeni tu, na vingine vyote vinatokana na kilichoyeyuka ndani yake. Kile Davy alichohangaika kukiondoa ndicho mashine ya jikoni inachokitegemea. Ndiyo maana maji ya mvua au yaliyochujwa kwa osmosisi hayafai kwenye mashine hizi: umeme haupiti vya kutosha na pH haisogei sana. Bila chumvi zilizoyeyuka mashine inabaki pambo la kaunta.

Unaweza kuyaona haya mezani kwako. Chukua penseli mbili, zichonge pande zote mbili, na betri ya mraba ya volti 9. Bakuli jeupe, maji, chumvi ya kubana kwa vidole viwili, na rosela iliyochemshwa, kidogo tu, maji yawe na rangi hafifu ya zambarau. Unga penseli kwenye betri kwa waya, chovya ncha bila kugusana, tulia. Karibu na penseli ya upande hasi mapovu madogo yanapanda kama soda iliyofunguliwa, na wingu la kijani linaanza kujisokota. Upande chanya rangi inageuka waridi, kisha inafifia, na ukiinama unasikia harufu unayoijua, ya jiki. Dirisha liwe wazi, na usikae hapo muda mrefu. Ukikoroga kwa kijiko kijani kinatoweka, maana hapo hakuna utando. Rangi iliyokwisha kuliwa na klorini hairudi, lakini ualkali na asidi vimeshafutana.

Turudi kwenye mashine, tufanye hesabu kidogo, maana hesabu inafichua mengi kuliko kipeperushi. Tuseme umeme unaopita ni ampea 2 na maji ya kunywa yanatoka lita 2 kwa dakika. Ampea 2 kwa sekunde 60 ni kulombi 120. Gawanya kwa 96,485, namba iliyopewa jina la Faraday, unapata takriban milimoli 1.24 za elektroni. Kwa lita 2, ni milimoli 0.62 za haidroksidi katika kila lita. Kama zingebaki huru, pH ingefika karibu 10.8. Lakini glasi ya shangazi haikufika huko, na sababu ni bikaboneti. Maji yenye, tuseme, milimoli 2 za bikaboneti kwa lita humeza sehemu kubwa ya haidroksidi hizo, bikaboneti ikageuka kaboneti, na pH ikatulia kwenye 9.8 au chini ya hapo. Ukiongeza kasi ya maji bila kuongeza umeme, namba inashuka. Ndiyo maana mashine moja inaweza kutoa namba tofauti Dar es Salaam na Arusha, na fundi anayekuja kuifunga anahangaika na koki ya kasi ya maji kuliko na vitufe.

Hesabu hiyohiyo inatuambia nguvu ya alkali hiyo ni kiasi gani, maana pH na nguvu si kitu kimoja. Milimoli 0.62 kwa lita ni sawa na kuongeza miligramu 52 hivi za baking soda, yaani punje zinazobaki kwenye kijiko ulichokwisha kukipangusa. Maji ya bomba ya mfano wetu yalikuwa tayari na uwezo wa kuzimua asidi wa milimoli 2 kabla hayajaiona mashine. Mashine imeongeza isiyozidi 0.62. Anayeweka magadi kwenye makande anaingiza alkali nyingi kuliko hiyo bila kupigiwa makofi. (Simshauri mtu anywe magadi. Yale yanayookotwa kwenye maziwa ya Bonde la Ufa yanaweza kuwa na floraidi nyingi.)

Kwenye tumbo lenyewe kuna asidi yenye pH kati ya 1.5 na 2 hivi. Haidroksidi huru zilizomo kwenye lita nzima ya maji ya pH 9.5 zinamalizwa na mililita 1 hadi 3 za asidi hiyo. Hata kijiko cha chai hakijai. Na damu inakaa kati ya 7.35 na 7.45 kwa kazi ya mapafu na figo, ambazo hazingoji glasi. Kuhusu saratani, ambayo ndiyo hofu inayotumika zaidi kuuzia, uchambuzi wa tafiti uliochapishwa na BMJ Open mwaka 2016 haukupata ushahidi wa kuunga mkono maji ya alkali kama kinga wala tiba. Japan, zinakotoka nyingi ya mashine hizi, sheria inazitambua kama vifaa vya tiba vya nyumbani, lakini dai linaloruhusiwa huko ni jembamba: nafuu kwenye matatizo ya tumbo. Mengine yameongezwa njiani. Na mwenye ugonjwa wa figo amwulize daktari wake kabla ya kubadili maji anayokunywa kila siku.

Kuna kitu kimoja cha kweli ambacho matone ya rangi hayakionyeshi, nacho ni hidrojeni. Kwa umeme ule wa mfano, kila lita inapata hadi miligramu 0.6 za gesi ya hidrojeni kama yote ingeyeyuka, lakini sehemu kubwa inakimbia na mapovu. Hiyo iliyobaki ndiyo inayofanya kipimo cha milivolti kionyeshe namba hasi, ile ambayo wauzaji huitafsiri kuwa nguvu ya kuzuia uzee. Neno la Kijapani "kangen", ambalo wengi hapa wanalijua kama jina la maji hayo, katika kemia ya Kijapani ndilo neno la kupokea elektroni, kinyume cha kuoksidishwa. Jina hilo basi si la uongo kabisa. Ila gesi haikai. Acha chupa wazi na hidrojeni inaondoka kwa saa chache, huku kabonidioksidi ya hewani ikiingia na kuvuta pH chini taratibu. Mtu anayejaza madumu ya lita 20 kwa jirani mwenye mashine, akanywa wiki nzima, kwa sehemu kubwa anakunywa maji ya bomba yaliyosafiri.

Dai la kwamba umeme unagawa maji kuwa "vifungu vidogo" vinavyopenya kwenye seli, nalipita haraka. Vifungo vya hidrojeni kati ya molekuli za maji vinavunjika na kuungana upya kwa muda mfupi kuliko sehemu ya bilioni ya sekunde. Kifungu hakifiki hata mdomoni.

Ninachokiheshimu kwenye mashine hizi ni bamba. Anodi ni mahali katili: oksijeni changa, asidi na klorini vyote vinatokea juu ya chuma kilekile. Chuma cha kawaida kingeoza kwa siku chache, na hata chuma kisichopata kutu kingeanza kuachia kromi na nikeli majini. Ndiyo maana bamba nzuri ni za titani iliyopakwa platinamu. Titani ikikwaruzwa inajifunika yenyewe kwa utando wa oksidi usioliwa, na platinamu inapitisha elektroni bila yenyewe kuyeyuka. Bei ya mashine, ile sehemu yake ya haki, iko hapo. Kwenye kathodi adui ni mwingine. Haidroksidi ikishageuza bikaboneti kuwa kaboneti, kaboneti inakutana na kalsiamu iliyokuja kwa wingi kutoka upande wa pili, na chokaa inaganda kwenye bamba. Niliwahi kuona kasha lililofunguliwa na fundi baada ya miaka miwili ya maji magumu ya kisima. Kati ya bamba na utando kulikuwa na gamba jeupe, gumu, lenye mikunjo, kama lile la ndani ya birika lakini nene kama ukucha. Mashine hujitetea kwa kugeuza umeme kwa muda, chanya ikawa hasi, ili asidi ilambe chokaa. Mwenye kisima bado atahitaji asidi ya limau ya unga, na asifanye ajizi.

Nikiwa bado kwenye bamba, niutaje mchezo mmoja wa maonyesho, maana unategemea kemia hiyohiyo. Muuzaji anachovya kifaa chenye vijiti vya chuma kwenye glasi mbili, moja ya maji ya bomba na nyingine ya maji yake yaliyochujwa kwa osmosisi. Baada ya dakika moja maji ya bomba yanakuwa tope la kahawia lenye kutisha. Tope hilo ni kutu ya vijiti vyake mwenyewe. Maji ya bomba yana chumvi, umeme unapita, anodi ya chuma inayeyuka na kuwa kutu. Maji yaliyochujwa hivyo hayapitishi umeme vya kutosha, basi hakuna kinachoonekana. Tia chumvi kidogo kwenye glasi yake uone anavyobadilika sura. Mchezo huo hutumika kuuzia vichujio, na wakati mwingine mtu yuleyule huuza mashine za alkali, ambazo kwa maji yale ya kwenye glasi safi zisingefanya kazi.

Upande wa anodi, huo unaotupwa, ndiko kwenye faida isiyobishaniwa. Kama maji yana kloridi ya kutosha, bamba chanya halitoi oksijeni peke yake. Linatoa pia klorini, na klorini ikikutana na maji inakuwa asidi ya hipokloro, muuaji hodari wa vijidudu. Maji ya bomba yana kloridi kidogo, kwa hiyo mashine kubwa zina tangi la pembeni la maji ya chumvi, linalotumika pale mtu anapotaka asidi kali ya pH karibu 2.5. Wakati huo mpira wa juu hutoa alkali kali inayozidi 11, ambayo si ya kunywa. Ndiyo inayotumika kuonyesha mafuta yakichanganyika na maji na nyanya "zikitoa dawa" ya rangi ya njano. Sehemu ya njano hiyo ni rangi ya nyanya yenyewe, maana rangi nyingi za mimea hukolea njano kwenye alkali. Japan iliruhusu maji ya asidi ya hipokloro kutumika kusafishia vyakula mwaka 2002, kwa sharti yaondolewe yakishatumika.

Ukiuondoa utando, vitu viwili vinakutana makusudi: klorini ya anodi na haidroksidi ya kathodi vinakuwa hipokloriti ya sodiamu, yaani jiki. Hivyo ndivyo vinavyofanya kazi vifaa vya WATA vya shirika la Antenna la Geneva, vilivyopelekwa kwenye vituo vya afya katika nchi nyingi za Afrika: gramu 25 za chumvi kwa lita ya maji, umeme wa sola au wa kawaida, na baada ya saa chache dawa yenye takriban gramu 6 za klorini kwa lita, ya kutibu maji ya watu wengi. Bamba ni zilezile, umeme ni uleule, ila utando umetolewa na kipindupindu kimewekwa mbele badala ya uzee.

Na kwa wasomaji wa Arusha wanaoulizia floraidi: ni ioni hasi, kwa hiyo ni kweli sehemu yake inasogea upande wa anodi. Lakini maji yanakaa kwenye kasha kwa muda mfupi mno, na kichujio cha mkaa wa kawaida hakiishiki. Mkaa wa mifupa unaishika, na kituo cha kuondoa floraidi cha Ngurdoto kimeufanyia kazi kwa miaka mingi. Asiyekuwa na kipimo cha floraidi asiamini kioo cha buluu.

Siku ile nilimaliza kwa kumwomba muuzaji matone yake. Nilikinga jagi moja chini ya mpira wa juu na bakuli chini ya ule wa kijivu, kwa wakati mmoja, hadi nilipofunga koki. Jagi likageuka zambarau, bakuli likawa la machungwa. Kisha nikachukua ndoo safi, nikamimina vyote viwili ndani, vyote kabisa, kwa uwiano uleule viliotoka nao, nikachota glasi na kudondosha matone matatu mapya. Kijani. Nikakinga glasi nyingine moja kwa moja kwenye koki ya ukutani, isiyopita mashine. Kijani ileile.

Shangazi alizitazama glasi mbili kwa muda. "Kwa hiyo, mwanangu," akasema, "milioni zangu zote nimenunua kiambaza?"

"Kiambaza, shangazi, na titani nzuri."

Mashine haikurudishwa, maana risiti ilisema hairudishwi. Lakini nilipopita mwezi uliopita mpira wa kijivu ulikuwa hauishii tena kwenye sinki. Umerefushwa kwa kipande cha mpira wa bustani hadi kwenye pipa la buluu nyuma ya nyumba, na dada wa kazi alikuwa anachota humo maji ya kudekia sakafu.